Mwalimu wa Sayansi Hamalizi Kusoma

Wako watu wengi katika vijiji vyetu wadhanio ya kuwa mwalimu ni kama kibuyu kilichojazwa maji kisimani. Akiisha toka chuoni amejaa, na kazi iliyobaki ni kuwamiminia watoto mpaka siku ya kustaafu. Kwa hiyo waonapo walimu wamekusanyika chumbani baada ya vipindi, na wengine wao wana mvi kichwani, huulizana: "Hawa nao wanasoma nini tena? Je, vyeti vyao walivipataje?" Nataka kulijibu swali hilo. Tena nataka kuyapima mafunzo yenyewe, niseme yaliyo mema na yenye kasoro. Maana kusifu tu hakumsaidii mtu, na kulaumu tu ni kazi nyepesi.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika shule moja ya upande huu wa Makutupora, nilikuwa na somo la joto. Tulikuwa na kipimajoto kimoja cha kuazima, sufuria ndogo na jiko la mkaa. Nilikuwa nimekwisha andika ubaoni ya kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Msichana mmoja akainama, akasoma, akasema: "Mwalimu, yanachemka, lakini ni 96." Nikatazama, kweli 96. Tukauchochea mkaa, maji yakatokota kwa nguvu, mvuke ukatujaa usoni, na kipimo hakikupanda. Watoto arobaini na zaidi wakinitazama, nikasema: "Kipimajoto hiki ni kibovu. Andikeni 100." Wakaandika. Yule msichana alikawia kidogo, akafuta 96 yake kwa kidole, akaandika 100.

Ilipita miaka mitatu. Katika mkutano mmoja wa walimu wa sayansi wa shule jirani, mwenzetu mmoja alisema kwa aibu ya kuwa wanafunzi wake wamepata 96, naye hajui la kuwaambia. Hapo nikasikia moyo wangu ukinichoma. Tukaleta vipimajoto kutoka shule tatu, tukawasha moto, tukachemsha maji mbele ya macho yetu. Vyote vitatu vilisimama karibu na 96. Ndipo mwalimu mmoja mzee akatukumbusha jambo tulilolisoma sote chuoni na kulijibu katika mitihani, wala hatukulioanisha kamwe na sufuria.

Hewa ina uzito, nayo huyakandamiza maji. Pwani, penye usawa wa bahari, uzito huo ni mkubwa, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mtu akipanda juu, hewa iliyo juu yake hupungua, na maji hupata nafasi ya kuchemka mapema zaidi. Kadiri ya nyuzi moja kwa kila mita 300. Dodoma iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,100. Basi fanya hesabu, utaipata 96. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, penye mita 5,895, maji huchemka karibu na nyuzi 80, na mtu angeweza kuchemsha maharagwe kutwa nzima yasiive.

Kwa hiyo kipimajoto hakikukosea. Kitabu nacho hakikukosea, kwa kuwa kilisema habari za usawa wa bahari. Aliyekosea ni mimi. Nilimfundisha mtoto ya kwamba macho yake yasiaminiwe yakipingana na ubao. Huko si kufundisha sayansi, bali ni kuivunja. Yule msichana amekwisha hama na wazazi wake, nami sikupata nafasi ya kumwambia ya kwamba alikuwa na haki.

Kisa hiki ndicho kipimo nitakachokitumia. Nitakapouliza kama mafunzo ya walimu ni mema au si mema, sitauliza yamehudhuriwa na wangapi, wala kama chakula kilikuwa kizuri. Nitauliza hivi: je, yatamsaidia mwalimu siku mtoto asomapo 96?

Sasa tuyatazame mafunzo yenyewe. Serikali yetu ilitoa kiunzi cha mafunzo haya mwaka 2019, na mpango wenyewe huitwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo iliyopewa kazi ya kuuongoza. Shabaha yake ni kwamba mwalimu asingoje kuitwa mjini ili ajifunze, bali ajifunze papo hapo shuleni pake, pamoja na wenzake, katika kile kiitwacho jumuiya ya ujifunzaji. Walimu huketi, mmoja hueleza mada iliyomshinda, wengine humsaidia. Kisha huendelea katika kituo cha walimu pamoja na walimu wa shule nyingine. Masomo mengine huwekwa katika mtandao, na walimu huyasoma kwa simu, au kwa vishikwambi vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye wakapewa walimu.

Haja ya mafunzo haya si ndogo. Mwezi wa Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Mitaala hiyo yataka mtoto atende, si akariri tu. Je, mwalimu aliyefundishwa kwa kukariri atamfundishaje mtoto kutenda, kama yeye mwenyewe hajapata kutendeshwa?

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili limeanza leo. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mpango ulioitwa MTUU, wa Tanzania pamoja na UNICEF na UNESCO, na wakufunzi wa vyuo walizunguka mashuleni kuwasaidia walimu mahali pao pa kazi. Tena baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipotaka kila mtoto aingie shule, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu wakiwa kazini: huku wakifundisha, huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa wakufunzi waliokuwa karibu nao. Wako wanaowacheka walimu wale wa UPE. Mimi siwacheki, maana wengi wetu twajua kusoma kwa sababu yao. Lakini wengi wao, vijana wakiisha kuwa walimu kamili, hawakufuatwa tena na mtu. Mbegu ilipandwa, palizi haikuja.

Jirani zetu wa Kenya nao walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Wajapani, mpango wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi wa shule za sekondari, uitwao SMASSE. Ulianzia katika wilaya 9, kisha ukaenea nchi nzima, na huko Nairobi kikawekwa kituo kiitwacho CEMASTEA kwa ajili ya kazi hiyo. Kanuni yao ilikuwa nyepesi kuikumbuka: panga, fanya, tazama, rekebisha. Tena walimu walifundishwa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo karibu, wasingoje maabara. Na Wajapani wenyewe wana desturi ya siku nyingi: mwalimu mmoja hufundisha, wenzake husimama nyuma ya darasa wakiwatazama watoto, baadaye huketi wote wakalijadili somo, wala hawamjadili mtu. Neno hilo ni kubwa. Somo hupasuliwa kama samaki, lakini mwalimu huachwa na heshima yake.

Basi, wazo la MEWAKA ni jema, nami nalisifu bila kusita. Ni jema kwa kuwa lamwendea mwalimu alipo. Ni jema kwa kuwa lakiri ya kwamba mwalimu wa Makutupora anaweza kumfundisha mwalimu mwenzake, pasipo kungoja mgeni mwenye mkoba. Na ni jema kwa kuwa ni la kila mara.

Hapa niseme jambo moja la kwetu. Maji ya visima vya Makutupora, ambavyo jiji la Dodoma lavitegemea kwa sehemu kubwa, yamepimwa kina chake tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza yaliyoonekana katika vipimo hivyo vya miaka 55: mvua ndogo na za kadiri karibu haziongezi kitu chini ya ardhi, kwa kuwa jua na mimea huzichukua. Visima hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Kisha maji hushuka mwaka baada ya mwaka mpaka mvua kubwa nyingine ije. Basi ile methali ya haba na haba hujaza kibaba haikai sawa na visima vyetu. Nami naona semina za zamani zilikuwa kwa mfano huo huo: moja kubwa, kisha miaka mingi ya ukame, na mwalimu akizidi kushuka. Kisima chaweza kungoja miaka kumi. Mtama hauwezi. Mtama wataka mvua katika majira yake, na mwalimu ni shamba, wala si kisima.

Lakini sasa nizitaje kasoro nizionazo katika utendaji, maana wazo jema laweza kuharibikia mikononi.

Kasoro ya kwanza ni karatasi. Palipo na mafunzo pana fomu, na palipo na fomu pana hatari ya kuifanya fomu iwe ndiyo mafunzo. Nimepata kuketi katika mkutano ambao saa nzima ilipotea tukiandika majina, sahihi na namba za simu, tukapigwa picha ya kupeleka mbele, tukatawanyika. Taarifa ilisema tumejifunza. Debe tupu haliachi kuvuma. Kama taarifa ni lazima, na iandikwe hivi: tulijaribu jambo gani, tuliona nini, na ni nini kilichotushinda. Mistari mitatu yatosha.

Kasoro ya pili ni kujifunza kwa macho bila mikono. Kishikwambi ni chombo kizuri, wala sikichukii. Lakini kuona picha ya jaribio si kufanya jaribio. Chukua mfano wa jani na mwanga wa jua. Kitabu husema mmea hutengeneza chakula chake majanini kwa nguvu ya jua, na chakula hicho ni wanga. Katika picha ni jambo la dakika moja: funika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, liache juani siku mbili au tatu, lichemshe, litoe rangi ya kijani kwa spiriti, litie iodini, palipopata mwanga patakuwa peusi, palipofunikwa hapatakuwa. Lakini mwalimu afanyapo kwa mikono yake ndipo ajuapo ya kuwa karatasi isipobanwa vizuri mwanga huingia, na jani gumu huchelewa kutoa rangi. Tena hujua ya kuwa spiriti haitiwi motoni kamwe, bali chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto huku moto umezimwa, isije ikalipuka. Mambo hayo husemwa kwa mdomo, lakini hukaa mkononi. Mwalimu asiyepata kushindwa na jaribio mbele ya wenzake hatathubutu kulifanya mbele ya watoto. Ataandika ubaoni, na watoto watanakili.

Kasoro ya tatu ni lugha. Katika shule zetu za msingi za Serikali twafundisha sayansi kwa Kiswahili, na vitabu vingi vya juu tulivyosomea sisi ni vya Kiingereza. Hivyo mwalimu hukutana na maneno kama kanieneo, usanisinuru na mvukizo, akayakariri kama jina la mgeni asiyemjua sura. Maneno ni mema, nayo ni mali yetu. Lakini jumuiya ya walimu yafaa ilichukue kila neno na kuliunganisha na kitu. Kanieneo ya hewa ndiyo iliyotupa 96. Mvukizo ndio unaokausha mlenda juani. Mtoto akiisha kukishika kitu, neno humwingia bila kupigwa.

Kasoro ya nne, nayo ni kubwa kuliko zote, ni woga wa kusema "sijui". Katika mikutano mingi mkubwa wa shule huketi mbele kama hakimu, na mwalimu kijana hufikiri: nikisema mada hii imenishinda, nitaandikwa mvivu. Hunyamaza. Na mzee naye hunyamaza, asije akaaibika mbele ya vijana. Wote wakinyamaza, mkutano huzungumza yale ambayo kila mtu ayajua, na lile la 96 hubaki mfukoni mwa mwenyewe.

Hasara ya woga huo imekwisha onekana katika nchi yetu, na dunia nzima yaijua. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, upande wa Tanga, kijana Erasto Mpemba alikuwa na wenzake wakitengeneza barafu tamu ya maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Yeye, kwa kuchelea kukosa nafasi, aliyatia yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena, akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia yake peke yake. Hakuacha. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu huko Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, kijana alisimama akauliza mbele ya watu, na wenzake wakacheka. Osborne hakudhani ya kuwa kijana asema kweli, lakini hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wote wawili, mwanafunzi na mwalimu, waliliandika pamoja katika jarida la wafundishao fizikia, na mpaka leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba.

Msomaji, angalia vema. Wataalamu hata sasa hawajakubaliana kama jambo lile hutokea kweli, au kwa sababu gani. Wako waliolijaribu tena kwa uangalifu wasilione. Sifa ya Osborne si kwamba alijua jibu, bali kwamba alikubali kujaribu. Walimu wale wa kwanza, nadhani, hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walifanya nilivyofanya mimi kwa yule msichana. Walikuwa na ubao, na ubao ukawashinda macho.

Basi yafaa tufanye nini? Sisi walimu, kila mkutano wetu wa sayansi na uwe na moto, maji, jani, udongo au waya. Pasiwe na mkutano wa maneno matupu. Mkubwa wa shule awe wa kwanza kusema jambo lililomshinda. Akifanya hivyo mara moja, woga utaondoka chumbani. Tutembeleane madarasani kama Wajapani, tulijadili somo na kuiacha heshima ya mtu. Nasi wa Makutupora tumebarikiwa kuliko wengi, kwa kuwa kiko hapa kituo cha utafiti wa zabibu, na viko visima vilivyopimwa kwa muda mrefu kuliko vingi katika nchi za joto. Tusipite kando ya elimu hiyo kila siku tukienda kuwaonyesha watoto picha za nchi za mbali. Tuombe ruhusa, tuulize, tujifunze.

Nanyi wazazi na kamati za shule mna sehemu yenu. Msikasirike mwonapo walimu wameketi kusoma, kwa maana fundi aketiye kunoa shoka hapotezi siku. Lakini mna haki ya kuuliza, nanyi ulizeni: "Wiki hii mmejaribu nini?" Mkijibiwa kwa jina la fomu, ulizeni tena. Gunia la mkaa, chupa tupu na sufuria kuukuu zilizolala nyumbani mwenu zaweza kuwa maabara. Na mtoto akirudi nyumbani akasema, "Leo mwalimu alisema hajui, tukatafuta pamoja," msimdharau mwalimu huyo. Mshikeni sana, asihame.

Mimi nimekwisha badili somo langu. Kila mwaka nifikapo kwenye joto siandiki kitu ubaoni kwanza. Nawasha jiko, natia maji, nampa mtoto kipimajoto, nanyamaza. Asemapo "96", namwambia aandike 96. Kisha namwuliza kwa nini, na darasa zima huanza kutafuta.